Uwanja wa Mikumi Alioufagia Zuhura

Sababu ya safari hii ilikuwa barua, na sehemu mbaya kuliko zote katika barua hiyo nilikuwa nimeiandika mwenyewe.

Ilifika ofisini kwangu Dar es Salaam siku ya Jumatatu, kutoka hospitali moja ya Mikumi. Walitaka kusawazisha uwanja wao wa ndani, wang'oe miti minne na kutandaza vitofali vya pevingi kutoka ukuta hadi ukuta. Fomu ya maombi iliuita uwanja huo "eneo wazi lisiloendelezwa". Kwangu walihitaji sahihi na muhuri tu. Ili kunirahisishia kazi, walikuwa wameambatisha maoni ambayo wafadhili wao waliwahi kuniomba miaka kadhaa iliyopita, nikayaandika na kuyatia sahihi: kwamba njia kuu ya uwanja ule "imepinda bila sababu ya kitaalamu".

Eneo hilo lisiloendelezwa lilisanifiwa na Zuhura Athumani, rafiki yangu tangu kidato cha kwanza, aliyefariki mwaka jana.

Mimi na Zuhura ni wasanifu wa mandhari. Mwenzetu wa majengo akishachora nyumba, sisi ndio tunaoamua nje yake miti ikae wapi, watu wapite wapi na maji yaende wapi. Kwa ufupi, mitaani tunaitwa watu wa maua. Tulisoma bweni pamoja Morogoro, tukaenda chuo kikuu pamoja, na katika darasa letu wasichana tulikuwa wawili. Mimi nilikuwa hodari wa kuchora. Zuhura alikuwa hodari wa kitu ambacho hakikuwa na mtihani.

Alikuwa hashiki penseli kabla hajashika ufagio. Akipewa kazi, kitu cha kwanza alichoomba ni ruhusa ya kufagia kiwanja pamoja na wafagizi wa hapo, wiki nzima, na kama ni masika basi masika yote. Alisema mfagizi anajua maji yanalala wapi, watu wanakatiza wapi na kivuli kinafika mlango gani saa ngapi, ila hakuna anayemuuliza. Mimi nilikuwa naona aibu. Siku moja Dodoma tulikwenda kwenye kikao, mwenye mradi akamkuta Zuhura ana vumbi hadi magotini, akamtuma chai. Alileta chai, akammiminia kila mtu kikombe, kisha akavuta kiti cha mbele na kusema, "Haya, tuanze." Yule bwana chai ilimkwama kooni, na mpaka leo nikikumbuka najisikia mrefu.

Nilipoandika yale maoni kuhusu Mikumi sikuwa nimefika Mikumi. Nilitazama picha. Zuhura alipoyasoma alinipigia simu, hakugomba hata kidogo. "Salome, njoo ufagie siku tatu, halafu uandike tena." Sikwenda. Nilikuwa na kazi nyingi na, niseme kweli, nilikuwa na kiburi. Hakulitaja tena jambo lile mpaka anakufa, na hilo ndilo lililokuwa likiniuma. Nikaweka muhuri kwenye mkoba na kuwaambia wa ofisini kwamba hausogei mpaka niione ile njia kwa macho yangu.

Alhamisi asubuhi nikapanda treni ya umeme. Treni hii imetunyang'anya visingizio. Zamani ningesema Kilosa ni mbali, sasa hujamaliza gazeti lako unaambiwa ujiandae kushuka. Baada ya Morogoro nchi inafunguka, tambarare na mbuga, halafu milima inaanza kusogea upande wa magharibi. Babu yake Zuhura aliletwa huku kukata mkonge, baba yake akafanya kazi ya reli. Zuhura alipenda kusema kwamba wao ni watu wa kuletwa waliokaa mpaka wakasahau kuondoka.

Kilosa, kabla ya adhuhuri. Stesheni mpya iko nje ya mji, kwa hiyo nilichukua bodaboda mpaka nyuma ya soko, nyumbani kwa mama yake Zuhura. Nilimkuta barazani anachambua mchele wa kwenda kuuza. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono muda mrefu bila kuuachia. Alinipa sinia na mimi nichambue, kwa sababu katika nyumba ile mgeni hakai mikono mitupu.

Tulizungumza habari za watoto, za mvua, za bei ya mpunga. Kisha akanisimulia kwamba Zuhura alipokuwa mgonjwa hapo nyumbani, wageni waliomjia kwa wingi walikuwa wafagizi. Walitoka Mikumi, Mvumi, hata Dodoma. Majirani wakahesabu vichwa na kufikia uamuzi wao. "Wanasema nilimsomesha mpaka chuo kikuu akaenda kufagia hospitali," alisema. "Sina cha kuwajibu, mwanangu. Nyumba ningewaonyesha. Yeye alichokijenga nitawaonyesha nini?"

Sikuthubutu kumwambia habari ya barua iliyokuwa kwenye mkoba wangu. Nilisema tu kwamba nakwenda Mikumi kuangalia kazi ya Zuhura. Alifurahi, akaniagiza nimsalimie Bi Tatu, mfagizi wa kule, aliyekuja msibani na kukaa siku zote tatu.

Ijumaa asubuhi nilikwenda Mvumi, safari ambayo ningeweza kuikwepa. Huko kuna zahanati ambayo ilikuwa kazi yangu ya kwanza, na Zuhura alikuwa msaidizi wangu. Nilipanda majani marefu mazuri kuizunguka, ya rangi mbili, yakipepea kwa upepo. Nilikuwa nimeyaona kwenye kitabu. Zuhura aliniuliza mara moja tu kama nimeongea na wanaofagia pale, nikamwambia majani hayafagiwi. Baada ya wiki moja tulirudi tukakuta uwanja mweupe. Kina mama wa kijiji walikuwa wameyang'oa yote na kufagia mpaka udongo unang'aa, kisha wakatushukuru kwa kuwaletea mbolea ya kurutubisha mashamba yao. Nani anapeleka mtoto mgonjwa mahali ambapo nyoka amepandiwa nyumba? Zuhura alicheka mpaka akakaa chini. Lakini hakumsimulia mtu. Jina la msanifu pale lilikuwa langu, na alilichunga.

Uwanja wa Mvumi bado ni mweupe, una alama za ufagio. Nesi aliyenipokea ni kijana, hajawahi kusikia kwamba palikuwa na majani. Nilimwambia uwanja wao ni mzuri sana, na nilikuwa nasema kweli.

Jumamosi, basi la Mikumi liliondoka Kilosa jua likiwa limekwisha panda. Njia inakwenda kusini, katikati ya mashamba ya mahindi na mbaazi, na inapita kijiji kinachoitwa Ulaya. Abiria mmoja alinitania kwamba sasa nikirudi Dar niseme nimefika Ulaya, asiyeamini aje na yeye apande basi. Niliicheka hadithi hiyo, ingawa Zuhura alikuwa ameshanipiga nayo tukiwa na miaka kumi na minne, nikamwamini kwa muhula mzima.

Mikumi, alasiri. Mji umekaa kwenye barabara kuu, malori yanapita mchana kutwa kwenda na kutoka mipakani, na baada ya malori ni mbuga. Hospitali iko pembeni, kwenye mteremko mdogo. Nilipita mapokezi nikaingia uwanjani.

Picha nilizoziona zamani zilipigwa uwanja ukiwa mtupu. Sasa ulikuwa na watu. Ndugu wa wagonjwa walikuwa wameketi chini ya mkwaju na kanga zao, chupa za chai na mabakuli ya wali, na wengine walikuwa wakihama taratibu kutoka mwarobaini mmoja kwenda mwingine. Nilikaa kuwatazama saa nzima. Walikuwa wanafuata kivuli, na kila kilipofika kivuli palikuwa na benchi linalokingoja. Katikati ilikuwapo ile njia, imepinda kama nilivyoandika, inatoka wodi ya wazazi kwenda chumba cha upasuaji kwa kuzunguka, wakati nafasi ya kwenda moja kwa moja ipo wazi. Mabenchi niliyaelewa. Njia, bado. Ningeulizwa jioni ile, ningesema tena imepinda bila sababu.

Mvua ilinyesha wakati wa magharibi, ikapiga bati za nyumba ya wageni niliyofikia kwa saa moja, ikaacha.

Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa getini kumtafuta Bi Tatu. Ni mwanamke mfupi, amenizidi kama miaka kumi. Nilimwamkia, nikampa salamu za mama yake Zuhura, nikamwomba ufagio. Hakuuliza ninautaka wa nini. Alikwenda stoo akaniletea wa chelewa, akaniambia nianzie upande wa wodi ya wazazi.

Miaka mingi nimeagiza watu wafagie. Dakika kumi zilitosha mgongo wangu kukiri. Bi Tatu alinitazama, akasema nisifagie kama ninayefukuza kuku, nivute tu, udongo wenyewe utaniambia unakotaka kwenda. Nikavuta. Hapo ndipo nilipoanza kuona. Mchanga laini na majani vilivyoachwa na mvua ya jana vilikuwa vimejipanga mstari upande wa chini wa ile njia, mstari unaopinda pale pale njia inapopinda. Juu ya njia hapakuwa na kitu. Nilipovuta ufagio kukatiza, nilihisi mkono ukishuka kushoto na ukishuka kulia. Nilikuwa nimesimama juu ya mgongo wa ardhi, mwinuko mdogo ambao jicho haliuoni wala kamera haiupati. Nikachukua kamba na pima maji kutoka kwenye mkoba. Mwinuko haukuzidi upana wa kiganja. Pale nilipotaka njia inyooke palikuwa na dimbwi.

Nilikaa kwenye benchi. Nilisikia aibu, kisha, na hili lilinishangaza, fahari iliyonijaa mpaka machozi. Mimi ndiye niliyekaa dawati moja na mtu huyu.

Bi Tatu alikuja akakaa karibu yangu. Alisema Zuhura alifagia pale masika yote, na kwa wiki mbili wafagizi wote waliamini ameletwa na kampuni mpya ya usafi kuwachukulia kazi. "Tulimnunia, tukampa sehemu yenye matope kuliko zote. Kumbe ndiyo aliyokuwa anaitaka." Walipoambiwa ni msomi hawakuamini, mpaka siku aliyochukua jivu la jikoni na kuichora njia yote chini, mwendo mmoja, huku wao wakimwambia sogea huku, rudi huku. Kisha akanieleza jambo ambalo halikuwa kwenye faili lolote. Kabla ya njia ile, mvua ikikolea, wajawazito waliohitaji upasuaji walikuwa wakivushwa kwenye maji, wabebaji wakiteleza na machela mabegani. "Tangu njia iwepo, injinia, hakuna aliyeanguka na mgonjwa hapa."

Sikumsahihisha kwamba mimi si injinia.

Jumatatu asubuhi nilionana na mganga mfawidhi, Daktari Elia, kijana mwenye adabu, aliyeniamkia kabla sijavuka mlango. Nilikuja nimejiandaa kugombana, na hakunipa nafasi. Alinieleza kwamba wageni wakija wanaona vumbi, viti vya magurudumu vinakwama upande wa mapokezi, na hospitali inaonekana ya kizamani. Yote yalikuwa ya kweli. Nilimuuliza kama amewahi kuona mchoro wa uwanja. Akasema faili lina maoni yangu tu. Mchoro wa Zuhura ulipotea ofisi zilipohamishwa, na mahali pasipo na mchoro, kwa karatasi, hapajafanywa kitu.

Nilimwomba atoke nje asimame katikati ya njia na viatu vyake vile vilivyopigwa kiwi. Bi Tatu na wenzake walikuwa wameshajaza ndoo, na ndugu wa wagonjwa wakainuka kusaidia bila kuombwa. Tuliyamwaga maji upande wa juu, ndoo baada ya ndoo. Yalishuka kwa kasi kuelekea kwa daktari, naye akarudi hatua moja. Yakafika kwenye njia, yakagawanyika, yakapita pande zake mbili, yakazunguka mizizi ya mkwaju na kuingia mtaroni. Nikamwonyesha kwamba vitofali vikilazwa sawa na miti ikiondoka, maji hayo hayo yataingia mlango wa wodi ya wazazi.

Daktari alitazama viatu vyake vikavu. Kisha akaniuliza swali ambalo nilijua litakuja, mbele ya wafagizi, manesi na watu wote walioshika ndoo. "Sasa Mama, ilikuwaje ukaandika vile?"

"Niliandika bila kufika," nilimwambia. "Aliniita nije nione, sikuja. Nilikosea, na kosa hilo liko kwenye faili lako na sahihi yangu. Nakuomba unipe siku mbili niliandike upya."

Bi Tatu aliokota ndoo yake akasema basi watu wakae, chai inapoa.

Jumatatu hiyo na Jumanne nilipima uwanja wote. Mikono ilikuwa ya watu wengi. Mama mmoja aliyekuwa anamuuguza mumewe alinishikia kamba tangu asubuhi hadi adhuhuri, akasema ni bora kuliko kukaa na mawazo. Nilipima mwinuko, benchi na kivuli cha kila mti saa mbili, saa sita na saa kumi. Kila nilipofikiri nimepata kosa la Zuhura, nililizunguka mara mbili nikakuta kosa ni langu. Kulikuwa na benchi moja lililogeuzia mgongo mti wake, nikalifurahia, nikasema hapa nimekupata. Bi Tatu akanieleza kwamba linatazama dirisha la wodi ya watoto, na mama aliyekatazwa kuingia huketi hapo ili mtoto amwone.

Jumanne jioni mchoro ulikuwa tayari. Daktari Elia aliukunjua mezani, akausoma. Alikubali vitofali viende mapokezi na kwenye maegesho tu, na alikata kwa mkono wake maneno "lisiloendelezwa" kwenye fomu. Kisha akanionyesha kisanduku cha chini, kilichoandikwa msanifu, akanipa kalamu. Katika maisha yangu nimegombania kisanduku hicho na watu wengi, na mara mbili tatu na Zuhura mwenyewe. Niliandika jina lake kamili. Chini yake, kwa herufi ndogo, nikaandika mpimaji, na jina langu, kisha nikagonga muhuri.

Jumatano nilirudi Kilosa. Njiani nilijaribu kuyapanga niliyojifunza, nikaona si mengi. Nilikuwa nadhani nakwenda kuiokoa kazi ya rafiki yangu. Ukweli ni kwamba nilikwenda kuisoma kwa mara ya kwanza, baada ya miaka ya kumsifu kwa heshima ya urafiki tu. Sasa namsifu kwa sababu najua. Na ofisini kwangu hatuchori tena mahali ambapo hatujafagia. Vijana wananung'unika, nawaacha wanung'unike.

Mama yake Zuhura alivaa miwani, nikamtandazia nakala ya mchoro kwenye meza ndogo ya sebuleni. Nilimweleza mkwaju, mwarobaini, benchi, njia, na wale wajawazito wasioangushwa tena. Alinifuata kwa kidole. Alipofika chini alisoma kwa sauti, polepole, kama mwalimu anayeita majina: "Zuhura Athumani, msanifu." Akarudia. Kisha akasogeza miwani.

"Na wewe mbona uko chini, herufi zenyewe hazionekani?"

"Kazi ni yake, Mama. Mimi nimeipima tu."

Alitikisa kichwa. Akaniambia chai iko kwenye chupa, nijimiminie. Yeye alikunja mchoro kwa uangalifu, akajitanda kanga vizuri na kutoka nao. Nilimsikia akipiga hodi nyumba ya kwanza.